Uzi wa lastiki wa kufunga nyaya za ndege za modeli: nimeutumia miezi nane, haya ndio maoni yangu

Nianze na jibu kwa wale hawana muda: nunua. Kama unajenga ndege za plastiki za zamani, zile za mabawa ya ghorofa, bawa moja juu lingine chini na nyaya zimepishana katikati, huu uzi ndio kitu cha kwanza ningekwambia utoe pesa, kabla ya eabrashi (ile ya kupulizia rangi), kabla ya rangi za bei, kabla hata ya seti ya pili ya vipande vya ndege. Lakini una tabia zake na kuna mahali utakuangusha, kwa hivyo soma mpaka chini kabla hujaagiza.

Mimi nakaa South C hapa Nairobi, na mtu wa South C anajua, hata haujaamka vizuri ndege za uwanja wa Wilson zishapita juu ya paa. Nafikiri hapo ndio hii hobi ilinishika. Na Wilson yenyewe ilitokana na ndege za aina hii, Wilson Airways ya yule mama Florence Kerr Wilson ilianza 1929 na ndege moja tu, Gipsy Moth, mbao na kitambaa na nyaya, uwanja ukaja kupewa jina lake 1962. Sasa Tiger Moth ni mtoto wa hiyo Gipsy Moth, ilipaa mara ya kwanza Oktoba 1931 na ndiyo walifundishia marubani wengi sana wakati wa vita vya pili vya dunia, hata huku Afrika, kule Rhodesia ya Kusini ambayo leo ni Zimbabwe. Kwa hivyo nilipopata seti ya Tiger Moth ya Airfix, kampuni ya modeli ya Uingereza, ya skeli ya 1/48 (modeli ni ndogo mara 48 kuliko ndege halisi), ile walitoa 2019, sikuhitaji kushawishiwa. Nimejenga mbili. Ya kwanza nililia nayo, ya pili iko kwenye kabati ya sebuleni na kila mgeni anaiuliza.

Seti yenyewe sitakaa nayo sana, ni nzuri, vipande vinaingiana vizuri na mabawa yanaonyesha vile kitambaa kimelala juu ya mbavu bila kuzidisha. Ndege halisi ina upana wa mita 8.94, kwa hivyo modeli inakuja kama sentimita 18 na nusu hivi, inatosha kwa kiganja na vidole. Kwa mtu anataka kuanza ndege za mabawa mawili ningemwambia aanze na hii kwa sababu ina jozi moja tu ya nguzo za kushikanisha mabawa kila upande, nyaya si nyingi za kukutoa jasho.

Shida ni hizo nyaya. Seti nyingi za plastiki haziji na uzi, unajitafutia, na ndio maana wasee wengi wanamaliza ndege, wanapaka rangi poa kabisa, halafu wanaiacha bila hata waya moja. Mimi siwezi. Ndege ya mabawa mawili bila nyaya ni kama gitaa bila nyuzi, umbo liko lakini hata mtoto anaona kuna kitu hakipo.

Aliyenifungua macho ni mzee jirani yangu, alikuwa fundi wa ndege pale Wilson miaka mingi kabla astaafu. Siku moja alikuja kwangu kuomba ngazi akaona ile modeli ya kwanza mezani nikiwa nimeifunga nyaya nusu. Akavaa miwani, akainama, akakaa kimya kidogo.

"Kijana, hii waya imelegea."

"Mzee, ni modeli tu, nilikuwa nataka ionekane iko."

"Hapana. Kila waya hapa ina kazi. Hii inatoka chini ya bodi inapanda kwenda bawa la juu, hii ndio inashika mabawa ndege ikiwa hewani, upepo unasukuma juu, hii inakataa. Hii nyingine inatoka juu katikati inashuka kwenda bawa la chini, hii inabeba uzito wa mabawa ndege ikiwa chini imesimama. Waya haijui kusukuma, inajua kuvuta tu. Ikilegea, hiyo ndege hairuki."

Nikafikiria hiyo maneno wiki mzima. Kumaanisha waya iliyolegea kwenye modeli si kasoro ndogo ya urembo, inasema hiyo ndege ni mbovu. Kwa hivyo kitu unachotafuta kwenye uzi si wembamba peke yake, unatafuta uzi unaokaa umenyooka leo na mwaka ujao, wakati wa joto na wakati wa baridi ya Julai, hata mtoto akiugusa.

Niwaambie nimepitia nini kabla ya kufika hapa, juu najua mtu atauliza mbona nisitumie tu uzi wa kawaida.

Nilianza na uzi wa cherehani. Wacha tu. Uko na manyoya, ukiutazama karibu ni kama kamba ya katani, na ukipaka vanishi yale manyoya yanasimama zaidi. Nikaenda kwa uzi wa kuvulia samaki, ile nailoni nyembamba, hiyo ndio nilitumia kwa Tiger Moth ya kwanza. Nailoni si mbaya, ni laini, haina manyoya, na kuna maujanja ya kuukaza: ukishafunga unasongeza kitu cha moto karibu bila kugusa na unajikunja kidogo unakuwa ngangari. Mimi nilitumia soldaringi ya kushonea waya za redio niliyonunua Luthuli, mtaa wa vifaa vya umeme mjini. Waya tatu zikakaza vizuri sana, ya nne nikasongea milimita moja zaidi, ikakatika kama utando. Lakini hiyo si ndio mbaya. Mbaya ni kwamba nailoni ina nguvu, ukiikaza inavuta bawa, na plastiki ya bawa ni nyembamba, kwa hivyo nilipokaza upande wa kulia ncha ya bawa la juu ikashuka kama milimita mbili, na ikishuka zile waya za upande wa pili zinalegea, unazikaza hizo, zinavuta tena. Unafukuzana na waya mpaka usiku wa manane. Hiyo ndio waya mzee alikuta imelegea.

Kuna ile njia ya wazee wa hobi, unachukua ile fremu ya plastiki inayoshikilia vipande, unaipasha juu ya mshumaa mpaka iwe laini, unaivuta inakuwa nyembamba kama unywele. Hii haina gharama na inatoa waya iliyonyooka kuliko kitu chochote, nimeona modeli za watu zimefungwa hivyo na ni safi sana. Lakini ukiigusa na kitambaa cha vumbi imekatika, na nyumba yangu ina watoto wawili na paka.

Halafu nikasikia kuhusu lastiki. Nikaenda mjini nikitafuta, nikaingia duka moja linalouza vitu vya kutengenezea shanga, nikaambiwa ndio hii, ya kuonekana ndani kama maji, nikalipa nikaenda nayo nyumbani nikiwa na furaha. Nikaipima nikakuta ni nusu milimita. Sasa piga hesabu na mimi: 0.5 mara 48 ni milimita 24. Hiyo ni waya ya unene wa sentimita mbili na zaidi kwa ndege ambayo waya zake ni milimita chache tu! Ni kama umefungia ndege na bomba la maji. Kwa hivyo lastiki ya shanga si lastiki ninayosema hapa, tafadhali msichanganye. Pia nilijaribu kuchomoa nyuzi kwenye stokini kuukuu za mama watoto, na hapo nilikaribia, zile nyuzi ni nyembamba kweli na zinavutika, ila zinatoka fupi fupi na zimejikunja, unapoteza saa nzima kupata kipande kimoja cha kutumia.

Roli niliyokuja kutumia ilibebwa na binamu yangu aliyekuwa anakuja likizo kutoka Uingereza, ni uzi wa lastiki uliotengenezwa maalum kwa kazi hii, umezungushwa kwa kijiroli kidogo cha plastiki. Pamoja na kila kitu ilinigharimu kama shilingi 1,900. Najua. Ni pesa ya kununua modeli ndogo. Lakini nimefunga Tiger Moth nzima, nimerudia nyaya za ile ya kwanza zote, nimefanyia mazoezi kwenye vipande vya kutupa, na roli bado ina zaidi ya nusu. Ukigawanya kwa kila ndege ni bei ya nauli.

Sasa niseme vile unafanya kazi, juu hapa ndio utamu wote uko.

Unatoboa shimo dogo sana pale waya inaanza na pale inaishia, mimi natumia biti ya milimita 0.3 na ile keekee ya kushikwa na vidole, unazungusha polepole bila kusukuma. Si lazima shimo litokee upande wa pili, milimita moja inatosha. Hii peke yake ni tofauti kubwa na nailoni, kwa nailoni lazima utoboe mpaka nje, ujaze, upige msasa, upake rangi upya. Kwa lastiki unapaka rangi kila kitu kwanza, unabandika stika, unapiga vanishi, ndio unafunga nyaya mwisho kabisa na hauharibu kitu.

Kisha unatia tone la supaglu kwenye kifuniko cha soda, unachovya ncha ya uzi, unaingiza kwenye shimo la kwanza, unasubiri. Subiri kweli, hesabu mpaka thelathini. Halafu unavuta uzi kuelekea shimo la pili, unaukata mfupi kidogo kuliko umbali wenyewe, kwa waya ya sentimita tano mimi nakata nne, unachovya ncha, unashika na kibano unavuta mpaka shimoni, unatulia. Ukiachilia umekaa. Umenyooka. Umenyooka kabisa, kama umepigwa na rula, na bawa halijasonga hata kidogo kwa sababu lastiki haina nguvu ya kuvuta plastiki. Mara ya kwanza nilipoona hiyo waya imesimama niliita mama watoto kutoka jikoni aje aone.

Na hauhitaji kupima kwa ukali. Hii ni muhimu kwa Tiger Moth kuliko ndege nyingi, nitaeleza kwa nini. Kwa ile Gipsy Moth mwalimu alikaa mbele chini ya bawa la juu, amezungukwa na nguzo na nyaya, na akiwa na parachuti mgongoni kutoka haraka ilikuwa shida. Walipotengeneza Tiger Moth wakasogeza sehemu ya katikati ya bawa la juu mbele ili apate nafasi ya kutoka, halafu ili ndege isipoteze balansi wakalaza mabawa nyuma. Ndio maana ukiitazama kutoka juu mabawa yamelala nyuma kidogo kama ya mbayuwayu. Matokeo yake waya za mbele na za nyuma haziendi sambamba vile ungedhani, kila moja ina urefu wake na pembe yake, na mtu anayetumia waya ya chuma lazima akate kila kipande kwa kipimo cha nusu milimita. Lastiki inakusamehe. Ukikata fupi kidogo inavutika zaidi, ukikata ndefu kidogo bado imekaza.

Mpangilio: anza ndani ukienda nje. Zile za katikati kati ya bodi na bawa la juu kwanza, halafu za kushika mabawa, mwisho zile za kupishana kati ya nguzo za nje. Ukianza nje mkono wako hautapita kuingia ndani, nimejifunza hiyo kwa uchungu.

Kasoro sasa, na ziko.

Ya kwanza ni gluu. Lastiki inashika supaglu haraka kuliko kitu chochote nimewahi kutumia, ikigusa mahali sipo imeganda, hakuna kurekebisha, unakata unaanza upya. Na ukiweka gluu nyingi ile sehemu iliyolowa inakuwa ngumu kama kijiti na baadaye inakatika hapo hapo kwenye mdomo wa shimo. Tone dogo, dogo sana, kichwa cha sindano. Halafu hali ya hewa yetu: supaglu inaganda kwa unyevu ulio hewani, kwa hivyo ile Januari na Februari kavu ya Nairobi inachelewa, nilidhani nimeuziwa gluu mbovu kumbe ni hewa. Siku hizi naweka kitambaa kilicholowa maji karibu na meza na naona tofauti. Na usitie supaglu karibu na vile vioo vidogo vya mbele ya rubani, mvuke wake unaacha ukungu mweupe kwenye plastiki ya kuonekana ndani, vioo vibandike mwisho na gluu nyeupe ya mbao.

Ya pili ni vumbi. Huu uzi unavuta vumbi, sijui kama ni umeme wake wa kusuguana au nini, lakini wiki mbili kwenye meza ya wazi na kila waya ina unyoya wake. Modeli yangu inakaa kwenye kabati la kioo na hata hapo napitisha brashi laini ya rangi kila mwezi. Uzuri ni kwamba brashi haikati, inapita, uzi unarudi mahali pake.

Ya tatu, rangi. Usidhani utanunua mweusi halafu upake. Rangi kwenye lastiki inapasuka pasuka ukiivuta. Nunua rangi unayotaka kutoka mwanzo. Na mimi nilikosea kwa kuchukua mweusi, mweusi kwenye ndege ya njano unapiga kelele, unaona nyaya kabla uone ndege. Waya halisi ni za chuma, ukisimama mbali ni kijivu kilichofifia. Roli yangu ijayo ni ya kijivu.

Ya nne ni ya watu wa usahihi. Mzee aliniambia waya za Tiger Moth si za duara, zimebanwa kama jani la mwanzi ili zikate upepo bila kupunguza mwendo, Waingereza walianza hiyo mtindo tangu enzi za vita vya kwanza, na Wajerumani wa wakati ule wakaendelea na kebo za duara. Uzi wangu ni wa duara. Kwa 1/48 ukisimama hatua moja huwezi kujua, kwa 1/72 sahau kabisa, waya ya milimita 6 inakuwa chini ya milimita 0.1 hapo. Lakini ukijenga zile kubwa za 1/32 utaona, na huko ningetafuta vile vipande vya chuma bapa, lastiki si yake. Kwa ndege ya Kijerumani ya kebo za duara lastiki iko sawa kwa skeli zote.

Na ya mwisho, usitegemee huu uzi kushika ndege. Nailoni ikikazwa vizuri inafanya modeli kuwa imara kweli, kama ile ndege halisi. Lastiki ni sura tu, haibebi kitu. Nguzo zako lazima ziwe zimegandishwa na gluu ya plastiki, zimekauka usiku mzima, mabawa yamenyooka, ndio ulete uzi. Bawa likiwa limepinda huu uzi hautalinyoosha.

Vifaa vingine sikununua vya hobi. Kibano ni kile cha mafundi wa simu, kile kimepinda ncha, kilinitoka mia mbili mtaani na kinashika uzi vizuri kuliko cha bei. Wembe ni wa kawaida, mpya, ukitumia wembe butu uzi unakimbia badala ya kukatika. Taa ya mezani na kioo cha kukuza. Stima ikipotea katikati ya waya, acha, usijaribu na tochi ya simu.

Ile Tiger Moth ya pili ikiisha nilimpelekea mzee kwake kabla hata ya kuiweka kabatini. Akavaa miwani tena. Akachukua kijiti cha kibiriti, akaiguza waya ya mbele polepole, ikatetemeka ikatulia. Akaenda ya nyuma. Akageuza upande wa pili akafanya zote, bila haraka, vile nadhani alikuwa anafanya asubuhi kabla ndege ipewe rubani. Halafu akanirudishia, akauliza, "Na ile ndege nyingine, ile ya jozi mbili za nguzo kila upande, umeanza?"

Anazungumzia BE2c. Ni ndege ya vita vya kwanza, skwadroni ya 26 iliyokuwa ya watu wa Afrika Kusini ilizileta huku 1916 na kuzirushia Mbuyuni, pale kati ya Voi na Taveta, ndio maana naitaka. Ina jozi mbili za nguzo kila upande na nyaya kama wavu wa samaki, na nimeipata kwa 1/72, kumaanisha kila kitu ni kidogo zaidi. Sai nimemaliza kutoboa mashimo ya bawa la chini. Uzi mweusi nimeuweka kando, nangoja wa kijivu, binamu amesema Desemba.